Safu ya Tatu

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa,
tunakaa Kadutu, nyuma ya duka la misumari la Cirhuza.
Viti kumi na viwili; vinavyokalika, tisa.
Mimi ni mwandishi. Kalamu ni ya chama, kaye nilinunua mwenyewe.
Muhuri tulichongesha Nyawera, fundi akala herufi,
basi kwenye kila barua sisi ni
Wajukuu wa Askar wa Tabora.

Hakuna kati yetu aliyeiona Tabora.
Tunaitamka tu, kama mtu anavyotaja jina
la mke wa kwanza wa babu yake.

Kaye ina safu nne:
jina lako, jina la askari wako,
namba yake, mchango wako.
Hiyo ya tatu ndiyo mlango.
Papa Lohaka, mwenyekiti, huitaja namba ya babu yake
macho ameyafumba, tarakimu moja moja,
halafu hufungua kopo la maziwa
atuoneshe medali. Utepe ulishaliwa na mende.
Tunaitazama kila mwezi. Kila mwezi tunasema, eeh.

Siku ile tulikuwa tunagombana kuhusu shada la maua
(nani alikula pesa ya shada la maua),
mvua ikipiga mabati, hakuna aliyesikia hodi.
Mama mmoja, M'Chibalonza, kutoka Bagira,
muuza sambaza, harufu yake ilimtangulia kwa adabu.
"Nimekuja kuandikwa."
Askari wako nani?
"Nshokano. Babu mzaa baba."
Namba?
"Hawakumpa."
Cheo?
"Alibeba."
Alibeba nini, mama?
"Sanduku la risasi, mpaka risasi zikaisha.
Kisha akambeba mwenye risasi."

Akatoa ngata kwenye mfuko wa plastiki,
ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka mezani.
"Siyo ile. Ile iliozea njiani.
Hii niliisuka nikikumbuka ya baba,
naye alisuka akikumbuka ya babu.
Upana ni uleule. Tulipima kwa kipara:
hapa utosini nywele hazikurudi tena mpaka wanamzika."

Lohaka akakohoa. Kanuni ya tano, akasema.
Chama ni cha askari. Tukiwafungulia wapagazi,
Kivu nzima itaingia humu.
"Basi ongezeni viti," akasema mama,
akakaa kwenye kimoja kibovu, nacho, cha ajabu, kikamstahimili.

Mvua. Kopo la maziwa. Ngata.
Kila mtu akanitazama mimi, kwa sababu kalamu ninayo.

Sasa nitasema ambalo halimo kwenye kaye.
Karatasi ya babu yangu niliikuta imeliwa na panya.
Tarakimu mbili zilibaki, saba na nne.
Tatu za mwisho nilizitia mwenyewe, usiku, kwa taa ya simu:
namba ya nyumba tuliyofukuzwa nikiwa mtoto.
Miaka kumi na moja nazisoma kwa sauti
na watu wananipigia saluti.
Huenda na babu yangu alibeba. Huenda alibebwa.
Huenda utosi wa Nshokano ulimjua kuliko mimi.

Nikaandika: M'Chibalonza. Nshokano.
Kwenye safu ya tatu kalamu ikasimama
kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limekwenda na maji.
Kisha mkono ukaandika neno, si namba: alibeba.
Mwandiko wangu ni mpana; herufi zikavuka mstari,
zikaingia kwenye safu ya mchango.

Lohaka hakusema ndiyo. Hakusema hapana.
Aliokota ngata, akaiweka kichwani, akaishusha upesi
kama mtu aliyejaribu kofia dukani bila pesa.

Mchango: sambaza, bakuli mbili, zimepokelewa.
Suala la shada la maua limeahirishwa.